Msiniulize Kimbunga ni Namba Ngapi

Kila kimbunga kinapotajwa, swali la kwanza ni lilelile: "Ni namba ngapi?" Mtu akijibiwa kwamba ni daraja la 2, anashusha pumzi na kurudi kulala. Madaraja hayo, 1 hadi 5, yanapima kitu kimoja tu: kasi ya upepo. La 1 linaanzia kilomita 119 kwa saa, la 5 kilomita 252. Maji hayamo. Na kule Marekani, takriban watu 9 kati ya kila 10 waliouawa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki kati ya 1963 na 2012, waliuawa na maji.

Chanzo cha kimbunga mnakijua, nitapita mbio. Bahari iwe na joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo lishuke hadi kina cha mita 50 hivi. Likiwa utando wa juu tu, kimbunga kitakoroga bahari, kitaibua maji baridi na kujizima chenyewe. Pepo za juu na za chini zisipishane sana, la sivyo mnara wa mawingu unakatwa kichwa. Tena kiwe angalau nyuzi 5 hivi za latitudo kutoka ikweta, kipate kuzunguka. Basi.

Turudi kwenye maji. Kimbunga Katrina, Agosti 2005, kilikuwa daraja la 5 katikati ya Ghuba ya Meksiko. Kilipotua kilikuwa kimeshuka hadi la 3. Kwa namba, nafuu hiyo! Lakini pwani ya jimbo la Mississippi, Marekani, ilipandiwa na bahari kwa takriban mita 8.5. Camille cha 1969, daraja la 5, pwani ileile, kilileta kama mita 7.3. Wapo waliokataa kuhama 2005 kwa hoja kwamba nyumba zao zilistahimili Camille.

Kwa nini cha namba ndogo kilileta maji mengi? Kilikuwa kipana mno, kwa hiyo kilisukuma eneo kubwa zaidi la bahari. Pili, maji yaliyokwisha kusukumwa na upepo wa daraja la 5 hayarudi kwao eti kwa sababu upepo umelegea saa chache kabla ya kutua. Tatu, bahari ya pale ina kina kifupi kwa masafa marefu: maji yakisukumwa hayana pa kushukia, yanapanda. Na Mississippi ilikuwa kulia kwa jicho, yaani kitovu cha kimbunga, ambako kaskazini mwa ikweta upepo wa mzunguko na mwendo wa kimbunga hujumlishwa.

Najua kuna atakayesema mgandamizo mdogo wa hewa ndio unaoinyonya bahari juu. Tupige hesabu. Mgandamizo ukishuka hektopaskali 1 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), bahari hupanda sentimita 1. Katrina kilitua na hektopaskali 920. Kawaida ni 1013. Hizo ni sentimita 93. Mita saba na nusu zilizobaki zililetwa na nani? Upepo na mawimbi.

Mwingine atasema, "Mimi nakaa mbali na bahari." Haya. Harvey, 2017, kililegea upepo kikakaa Texas siku kadhaa, kikamwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua mahali paitwapo Nederland. Helene, 2024, kilitua Florida kikaenda kuzamisha mabonde ya milimani North Carolina. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi.

Utabiri, kwa kuwa naona saa. Ile koni kwenye ramani, umbo linalopanuka kuonyesha kimbunga kinakoweza kuelekea, si mpaka wa hatari. Inahusu njia ya kitovu peke yake, na kitovu hubaki ndani yake kama mara 2 kati ya 3. Upana wake haujali kama kimbunga ni kikubwa au kidogo. Njia tunaitabiri vizuri kuliko zamani. Nguvu bado inatucheza. Otis, Oktoba 2023, kilitoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5 ndani ya siku moja hivi, kikatua Acapulco, Meksiko. Tangu 2017 Marekani hutoa tahadhari ya maji ya bahari peke yake, mbali na ya upepo. Hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza.

La mwisho, jenereta mtakayowasha umeme ukikatika: iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, moshi uelekee mbali na nyumba. Si barazani, wala gereji hata milango ikiwa wazi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu.