Kikao Kinachotangazwa Ili Usihudhurie: Jinsi Marekani Inavyopitia Maombi ya Utafiti wa Dawa za Kulevya

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia aina ya mkutano ambao serikali ya Marekani inalazimika kuutangazia umma, ikitaja siku, saa na mahali, kisha katika tangazo hilohilo inauarifu umma kwamba hauruhusiwi kuingia. Ni vikao vya kupitia maombi ya ruzuku vya NIDA, taasisi ya taifa ya Marekani inayofadhili utafiti wa dawa za kulevya na uraibu. Kaka Makame, wewe umeyasoma matangazo haya kwa muda mrefu. Hebu tuanze na tangazo lenyewe.

MAKAME: Ahsante, dada Zuhura. Tangazo huchapishwa katika Federal Register, ambalo ni gazeti rasmi la serikali kuu ya Marekani, na kwa kawaida ni fupi. Hutaja jina la kamati, ambayo mara nyingi ni jopo maalumu lililoundwa kwa ajili ya kundi moja tu la maombi, kisha tarehe, saa, ajenda isemayo kwa maneno machache kwamba kazi ni kupitia na kutathmini maombi ya ruzuku, anwani ya jengo lililoko Maryland hata pale ambapo wajumbe wanakutana kwa video, na jina la ofisa anayehusika. Halafu inakuja aya ambayo ukishaisoma mara moja umeisoma daima, kwa kuwa haibadiliki: kikao kitafungwa kwa sababu maombi na mjadala wake vinaweza kufichua siri za kibiashara, kama vile uvumbuzi unaoweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, pamoja na taarifa binafsi za watu wanaohusika na maombi hayo, na kuzitoa taarifa hizo kungekuwa kuingilia faragha yao pasipo sababu ya haki.

ZUHURA: Kabla hatujaijadili aya hiyo, tuelezee kwa nini tangazo lipo hata kama mlango umefungwa.

MAKAME: Msingi wake ni Sheria ya Kamati za Ushauri ya Serikali Kuu, iliyopitishwa mwaka 1972 wakati ambapo kamati za washauri zilikuwa zimezagaa serikalini na wananchi hawakuwa na njia ya kujua zinamshauri nani wala kwa maslahi ya nani. Sheria hiyo iliweka uwazi kuwa ndiyo kanuni, na taratibu za utekelezaji zikataka mkutano utangazwe walau siku 15 kabla. Kufunga mkutano ni jambo la pekee: lazima uamuzi utolewe kwa maandishi, ukiwa na sababu, na kamati iliyofunga vikao vyake lazima itoe muhtasari wa shughuli zake walau mara moja kwa mwaka. Sababu zenyewe hazitungwi na taasisi. Zimeorodheshwa katika sheria nyingine ya mwaka 1976, inayotaka serikali ifanye kazi zake mwangani, na NIDA hutumia mbili kati yake, yaani ile ya nne, ya siri za kibiashara, na ile ya sita, ya faragha.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapopata shaka. Kampuni ndogo inayoomba fedha ili kutengeneza kifaa cha kutambua fentanili, dawa kali ya kulevya, ina siri ya kibiashara, hilo nalikubali bila ubishi. Lakini mtafiti wa chuo kikuu anayetaka kuwafuatilia vijana wanaovuta bangi kwa miaka mitano ana biashara gani ya kuificha?

MAKAME: Swali lako liliwahi kuulizwa mahakamani, na jibu halikuipendeza serikali. Shirika lililoitwa Washington Research Project liliishtaki wizara iliyosimamia afya wakati huo, likidai nyaraka za miradi 11 ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili iliyohusu dawa walizopewa watoto wenye matatizo ya kitabia. Mwaka 1974, ambao ndio mwaka NIDA ilipoanzishwa, Mahakama ya Rufani ya serikali kuu ya Marekani katika Wilaya ya Columbia iliamua kwamba muundo wa utafiti wa mwanasayansi asiyefanya biashara hauwi siri ya kibiashara kwa sababu tu yeye angependa mshindani wake asiuone. Hata hivyo, mahakama hiyohiyo iliruhusu maoni ya wapitiaji yafichwe, kwa hoja kwamba ni majadiliano ya ndani yanayotangulia uamuzi wa serikali.

ZUHURA: Kwa hiyo serikali ilishindwa kwa hoja ya biashara na ikashinda kwa hoja ya majadiliano ya ndani, lakini tangazo la leo linataja biashara na halitaji majadiliano.

MAKAME: Ndivyo ilivyo, na maelezo yake yamo katika sheria ya 1976. Kabla ya hapo kamati iliweza kufunga kikao kwa kutumia misamaha ya sheria ya upatikanaji wa taarifa, ukiwemo msamaha wa majadiliano ya ndani. Sheria ya 1976 iliibadilisha ile ya 1972, ikaleta orodha mpya ya sababu, na katika orodha hiyo majadiliano ya ndani hayamo. Kwa maoni yangu, sababu ya kweli ya kufunga vikao hivi ni kumwezesha mtaalamu kusema mbele ya wenzake, bila kumung'unya maneno, kwamba mradi wa mtu anayemfahamu ni dhaifu. Kwa kuwa sababu hiyo haimo katika orodha, zinachapishwa zile zilizomo.

ZUHURA: Basi tuingie ndani, kwa kadiri kanuni zilizochapishwa zinavyotuwezesha. Mpangilio unakuwaje?

MAKAME: Kikao husimamiwa na ofisa wa mapitio ya kisayansi, ambaye ni mtumishi wa serikali, na huongozwa na mwenyekiti ambaye ni mwanasayansi. Wajumbe walio wengi hutoka nje ya serikali, kwa kuwa kanuni hairuhusu watumishi wa serikali kuu kuzidi robo ya jopo. Kila mmoja huahidi kwa maandishi kutunza siri, na tangu mwaka 2023 wamekatazwa hata kuyaingiza maombi katika programu za akili unde ili ziwasaidie kuandika tathmini. Linapofika ombi fulani, mjumbe mwenye mgongano wa maslahi hutoka, au huondolewa kwenye mkutano wa video. Wapitiaji waliokabidhiwa ombi hilo, ambao kwa kawaida ni watatu, hutaja alama zao kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora kabisa. Hapo hujadiliana, huulizwa maswali na wenzao, kisha hutaja alama zao tena, kwa kuwa mjadala unaweza kuwa umewabadilisha. Baada ya hapo wajumbe wote hupiga alama kwa faragha, na anayetaka kutoka nje ya kiwango kilichotajwa na wale watatu anatakiwa aseme kwamba anafanya hivyo. Wastani huzidishwa kwa kumi, na hiyo ndiyo namba anayopelekewa mwombaji.

ZUHURA: Kuna maombi ambayo hayafiki hata kwenye mjadala huo.

MAKAME: Ni mengi, yanaweza kukaribia nusu. Yale yaliyopata alama dhaifu za awali huwekwa kando, na mwombaji hupokea maoni ya maandishi bila alama ya jumla. Ni njia ya kuokoa muda, na siilaumu, ila ina maana kwamba hatima ya ombi inaweza kuamuliwa na watu watatu waliokuwa wakisoma kila mmoja peke yake.

ZUHURA: Na hao watatu wana uhakika gani? Mwaka 2018 jarida la kisayansi la PNAS lilichapisha utafiti ambapo wanasayansi 43 walipewa maombi 25 yaliyokwisha kuwasilishwa NIH, taasisi mama ya NIDA, ya fani ya saratani, wayapitie kwa utaratibu uleule. Ilionekana kwamba wapitiaji wa ombi moja karibu hawakukubaliana kabisa kuhusu ubora wake. Mwaka 2011 jarida la Science nalo lilionyesha kwamba waombaji weusi walikuwa nyuma ya wazungu kwa takriban pointi 10 za asilimia katika uwezekano wa kupata ruzuku za NIH, hata baada ya kuzingatia elimu yao na machapisho yao. Utafiti wa mwaka 2011 uliwezekana kwa sababu watafiti waliruhusiwa kutumia kumbukumbu za ndani za waombaji. Mtu wa nje asingeliona pengo hilo kwa kuangalia orodha ya washindi pekee.

MAKAME: Takwimu hizo sizipingi. Ninachouliza ni kama kuufungua mlango kungeziponya. Uraibu ni somo linaloingiliwa na siasa kuliko mengi, kwa sababu maswali yake ni ya watu wanaojidunga sindano, wanaofanya biashara ya ngono na waliofungwa jela. Mwaka 2003 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipigia kura pendekezo la kufuta ruzuku kadhaa za NIH zilizohusu tabia za ngono, na pendekezo hilo lilianguka kwa kura 212 dhidi ya 210. Hizo zilikuwa ruzuku zilizokwisha kupita mapitio yote. Sasa mfikirie mpitiaji anayelitetea ombi la utafiti wa kugawa sindano safi huku msaidizi wa mbunge akiwa amekaa nyuma ya ukumbi na kalamu mkononi.

ZUHURA: Nakubali, ingawa naogopa pia kinyume chake, kwamba siasa ikiingia kwa mlango wa nyuma hakuna atakayeiona. Ndiyo maana mimi nalithamini lile tangazo fupi kuliko wewe. Tulishuhudia nguvu yake mwanzoni mwa mwaka 2025.

MAKAME: Hilo ni tukio ambalo halikutarajiwa na wengi. Mara baada ya utawala mpya kuingia madarakani mwezi Januari, taasisi za afya ziliagizwa kusitisha mawasiliano yao ya nje, na hilo likahusu hata kupeleka matangazo katika Federal Register. Bila tangazo, siku 15 haziwezi kuanza kuhesabiwa, na zisipohesabiwa kikao hakiwezi kufanyika kihalali. Kwa hiyo vikao vya mapitio vilikwama kwa wiki kadhaa katika taasisi zote za NIH, ingawa wapitiaji walikuwa tayari na maombi yalikuwa yamekwisha kusomwa.

ZUHURA: Sharti lililowekwa ili kuulinda umma liligeuzwa kizuizi. Lakini kwa kuwa gazeti hilo linaweza kusomwa na kila mtu, watafiti walibaini kwamba matangazo yamekoma, wakajua fedha hazisogei, na wakapiga kelele. Kama vikao hivi vingekuwa vya siri kamili, ukimya huo ungechukua muda mrefu zaidi kuonekana.

MAKAME: Nakubaliana nawe kwa hilo. Tuongeze kwamba jopo halina neno la mwisho. Sheria inataka hatua ya pili, ambayo ni Baraza la Taifa la Ushauri kuhusu Dawa za Kulevya, linalokutana kwa kawaida mara tatu kwa mwaka. Sehemu ya kikao chake hufungwa, ile ya maombi, na sehemu nyingine huwa wazi, ambapo mkurugenzi hueleza vipaumbele na mtu yeyote anaweza kufuatilia kwa intaneti. Ombi likishafadhiliwa, muhtasari wake, jina la mtafiti mkuu na kiasi cha fedha huwekwa hadharani.

ZUHURA: Yakishafadhiliwa, sawa. Hayo yaliyokataliwa, ambayo ndiyo mengi zaidi, hatuyaoni kamwe. Mtu aliyefiwa na ndugu kwa sababu ya dawa za kulevya hawezi kujua kama swali analotamani lijibiwe liliwahi kuulizwa na mtafiti yeyote. Pendekezo langu ni kwamba vichwa vya maombi yaliyokataliwa vichapishwe, bila majina wala alama, baada ya muda fulani kupita.

MAKAME: Muda gani? Kumbuka mwombaji anaruhusiwa kulirekebisha ombi lake na kuliwasilisha tena ndani ya miezi 37.

ZUHURA: Basi iwe miezi 38.

MAKAME: Hata bila jina, katika fani ndogo kama ya chanjo dhidi ya kokeini kila mtu atatambua kichwa hicho ni cha nani. Labda ichapishwe mada badala ya kichwa, kwa mafungu: kinga, matibabu, ubongo, magereza, na idadi ya maombi katika kila fungu.

ZUHURA: Mada na idadi naweza kuzikubali kwa kuanzia, mradi fungu la magereza lisifichwe ndani ya fungu la "mengineyo".