"Si lazima" kwa Kituruki: jinsi ya kutumia gerek yok

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo shikeni daftari, maana kosa la somo hili linaweza kumuumiza mtu.

Umefikia kwa mama wa Kituruki, naye anainuka kwenda jikoni. Unataka kumwambia asijisumbue, si lazima apike. Ukisema "Yemek yapmamalısınız", umemwambia lazima asipike, nyumbani kwake mwenyewe! Sema hivi: "Teyze, yemek yapmanıza gerek yok." Teyze ni mama mdogo, ndivyo anavyoitwa kwa heshima mama mtu mzima. Haya, tuijenge.

Chukua beklemek, kusubiri. Toa -mek, weka -me: bekleme. Hilo sasa ni jina. Sikiliza mkazo vizuri: ukiwa mwishoni, bekleMEE, ni tendo la kusubiri; ukiwa katikati, bekLEEme, unamwamuru mtu asisubiri.

Sasa tuoneshe nani anasubiri. Ongeza -n: beklemen. Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu sisi pia tunasema "kusubiri kwako", jina na mwenye nalo. Kisha tia -e mwishoni: beklemene. Malizia na gerek, haja, na yok, hakuna. Beklemene gerek yok. Huna haja ya kusubiri.

Semeni nami: beklememe gerek yok, mimi. Beklemesine, yeye, hapo n imejipenyeza kati ya si na e, usiisahau. Beklememize, sisi. Beklemenize, ninyi, na ndiyo utakayomwambia mtu mmoja unayemheshimu. Beklemelerine, wao.

Irabu ya mwisho ya mzizi ikiwa a, ı, o au u, viambishi navyo vinageuka: yapmana, kufanya kwako; konuşmana, kuzungumza kwako.

Kwa kitu ni rahisi zaidi. Tangu Januari 1, 2019 mifuko ya plastiki madukani Uturuki inalipiwa, hivyo kwenye kaunta utaulizwa, "Poşet ister misiniz?", yaani, unataka mfuko? Kama umebeba kikapu chako, jibu: "Poşete gerek yok." Hata "Gerek yok" peke yake inatosha.

Ipo njia nyingine: Beklemek zorunda değilsin, hulazimiki kusubiri. Hapa kitenzi hukigusi, nafsi inakwenda kwenye değil: değilim, değilsin, değiliz. Hiyo ğ haisikiki, tamka "deil". Pia utasikia lazım değil na şart değil. Umezitambua? Ni lazima na sharti zetu hizi hizi. Kiarabu kilitugawia sisi na wao.

Sasa tazama skrini, mistari hii miwili, ambapo gerek imegeuzwa kitenzi:

Gitmen gerekmiyor.
Gitmemen gerekiyor.

Wa kwanza: si lazima uende, ukipenda nenda. Wa pili: inabidi usiende. Kukanusha kukikaa kwenye gerek, unamwachia mtu hiari yake. Kukihamia kwenye kitenzi, unamzuia. Ni sawa na "si lazima uende" na "lazima usiende". Hakuna Mswahili anayezichanganya hizo, basi usizichanganye na huko. Rudia mistari yote miwili kwa sauti mpaka ulimi uzoee, mimi nakusubiri.

Zoezi. Teyze wetu anashuka ngazi mbiombio kukufungulia mlango. Kuharakisha ni acele etmek. Mwambie kwa heshima kwamba hana haja ya kuharakisha. Simamisha video, andika.

Acele etmenize gerek yok, teyze.