Salmonella Hii Ni ya Mlango Gani?

(Mhadhara kwa mafundi wa labo na wakaguzi wa usafi, Bukavu)

Wenzangu wa labo, nanyi wa usafi katika zone za afya, jambo kwenu.

Tuchukue mfano wa karamu ya arusi Kadutu: wali, kuku, sambaza. Kesho yake jioni watu thelathini wanaharisha na wana homa. Labo inakuta Salmonella kwa mgonjwa mmoja, kisha inaikuta pia kwenye kuku wa mama mmoja sokoni. Je, tumfungie meza yake? Bado. Salmonella ni jina la kabila tu. Ndani ya kabila hilo mna koo zaidi ya 2,500, ndizo serotaipu, na kila ukoo una milango yake, yaani vikundi vidogo vya bakteria waliotoka kwa mzazi mmoja. Ushahidi tunaoutafuta uko kwenye mlango.

Mei 2011 wakuu wa Hamburg, Ujerumani, walitangaza kwamba matango ya Uhispania yana E. coli yenye sumu ya Shiga. Ilikuwamo kweli. Lakini iliyokuwa ikiua watu ni ya ukoo wa O104:H4, na ile ya matango haikuwa hiyo. Chanzo kikaja kuonekana kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu, na wakati huo wakulima wa matango walikwisha kuharibikiwa soko. Kosa la namna hiyo linaweza kumkuta muuzaji wetu yeyote.

Kwanza ulizeni muda. Waliotapika ndani ya saa sita baada ya kula, fikirieni sumu ya Staphylococcus aureus au Bacillus cereus. Salmonella kwa kawaida huchukua kati ya saa 6 na 72. Kinyesi kichukuliwe kabla mgonjwa hajameza antibiotiki, na masalio ya chakula yakae kwenye frigo.

Kwenye labo, pimeni gramu 25 za chakula, zitieni katika mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, nyuzi 37, saa 18. Hapa ndipo tunapopoteza mengi. Bakteria aliyejeruhiwa na moto au chumvi anahitaji saa hizo ili apate nguvu. Umeme ukikatika usiku, kabati la joto likapoa, asubuhi tunamtia angali dhaifu kwenye supu kali ya Rappaport, inayozuia bakteria wengine ili Salmonella iote, anakufa, nasi tunaandika "hakuna kitu". Someni kipimajoto asubuhi kabla ya kugusa chupa. Joto likiwa limeshuka, anzeni upya na chakula kilichobaki.

Baada ya Rappaport, pakeni kwenye sahani ya agari iitwayo XLD. Makoloni ya Salmonella mara nyingi ni mekundu yenye kitovu cheusi. Chukueni matano, si moja, maana kuku mmoja anaweza kubeba milango miwili, na koloni mnaloliacha huenda ndilo lililowaletea watu ugonjwa.

Kwa serotaipu, msipime moja kwa moja kutoka XLD. Yahamishieni kwanza kwenye agari ya kawaida, saa 24. Kisha changanyeni koloni na tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.85 bila seramu yoyote. Likigandamana lenyewe, mlango huo ni "mkwaruzo" na seramu zitawadanganya. Likitulia, jaribuni seramu za O, zinazotambua ukuta wa bakteria, halafu za H, zinazotambua mikia yake. Angalieni pia kwamba Typhimurium ina H mbili, i na 1,2, lakini kwa kawaida huonyesha moja kwa wakati mmoja. Ya pili lazima ilazimishwe kutoka, la sivyo jina litabaki nusu.

Antibiogramu, kipimo cha dawa zipi zinamuua bakteria, ni rahisi na visahani vya dawa vipo, lakini plasmidi, vipande vya DNA vinavyobeba usugu, hupotea na huhama. Itumieni kutilia shaka, msiitumie kuhukumu.

Njia ya kukata DNA kwa kimeng'enya cha XbaI na kusoma mistari kwenye jeli imepisha. PulseNet, mtandao wa labo za Marekani ulioanza 1996, umehamia kwenye kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria. Jenomu ya Salmonella ina herufi karibu milioni 4.8. Bakteria wawili wakitofautiana herufi tano au pungufu, tunashuku chanzo kimoja. Tunashuku tu, kwa sababu mlango mmoja unaweza kukaa miaka mingi kwenye mashamba mengi ya kuku.

Afrika Kusini, 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua kwa listeria, bakteria mwingine wa chakula. Karibu tisa kati ya kumi ya bakteria wa wagonjwa waliosomwa walikuwa mlango mmoja, uitwao ST6. Lakini jenomu peke yake haikutaja chakula. Watoto wa shule moja ya chekechea Soweto waliugua, wakaguzi wakachukua polony, aina ya soseji, kwenye frigo ya shule hiyo, wakaifuata hadi kiwandani, na ST6 ikawa humo.

Mkipeleka bakteria Goma kwenye maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, msipeleke sahani ya XLD. Pelekeni agari ya kawaida kwenye tyubu yenye kifuniko cha skrubu, mlango mmoja kila tyubu, ndani ya chombo kisichovuja, ndani ya sanduku gumu. Na juu ya karatasi andikeni mtaa, chakula alichokula mgonjwa, saa aliyokula na saa alipoanza kuumwa. Tyubu ikifika bila karatasi hiyo, fundi wa Goma atasoma herufi zote milioni 4.8 na bado hataweza kuwaambia ni sufuria gani ya arusi ile.