Betoni ya lateksi: maji kwanza, kisha hewa

Wandugu mafundi, nanyi wanafunzi wa ujenzi, hapa Lubumbashi tumezoea kufundishana kwamba betoni haichoki maji: mwagilia, endelea kumwagilia. Kwa betoni ya kawaida nakubali kabisa. Kwa betoni yenye lateksi, yale maziwa meupe tunayochanganya tukifunika sakafu iliyochakaa au kukarabati daraja, nakataa.

Humo ndani mna kazi mbili zinazopingana. Saruji inataka maji ili igande. Polima, yaani ile plastiki iliyomo ndani ya lateksi, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa saruji, inaelea majini kama chembe ndogo mno, na inataka maji yaondoke. Yakipungua, chembe zinasogeleana, zinabanana, kisha zinashikana kuwa utando mmoja. Utando huo ndio tuliotoa pesa kuununua: unaziba vinyweleo, unagandisha betoni mpya kwenye ya zamani, unapita katikati ya ufa mwembamba na kuuzuia usipanuke. Betoni isipopata nafasi ya kukauka, utando haukamiliki.

Hata Wajapani, katika JIS A 1171, kiwango chao cha taifa cha kupima mchanganyiko wa saruji na polima, hulaza sampuli siku 2 kwenye unyevu na 5 majini, lakini 21 zinazobaki ni za hewa kavu. Kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, tunafunika kwa magunia yaliyoloweshwa na plastiki juu yake siku 1 au 2, kisha tunafunua.

Sasa hali yetu. Kiangazi, kuanzia Mei, upepo mkavu unakausha uso kabla saruji haijashika. Ngozi inajifunga juu, chini bado uji, na nyufa zinatokea. Funika mara tu unapomaliza kusawazisha, na tafadhali usirudi kuisugua ngozi hiyo. Usiku wa Julai nao una baridi: chini ya digrii 7 hivi kazi isimame, maana chembe zilizopoa hazishikani vizuri. Masika shida inageuka. Siku mbili za mwanzo, ikiwa umeshafunika, unyevu wa mvua unakusaidia, baada ya hapo jenga kibanda cha turubai chenye pande wazi.

Na maabara zetu zinaponda tu mchemraba! Nguvu ya kubanwa haisemi mengi kuhusu lateksi. Pimeni kupinda, pimeni kung'oka, na sampuli zikae palepale kando ya sakafu, zipate hewa ileile.