Banda la Kuhama: Poleni Wafiwa

[Muziki unafifia]

ZUHURA: Karibuni. Wiki hii mtani wangu Maganga kasimamisha barabara kule Kibaha. Maganga, simulia mwenyewe kabla sijasimulia mimi nikatia chumvi.

MAGANGA: Hakuna cha kusimulia. Nimehamisha banda la kuku, lile la kusogezwa juu ya nyasi.

ZUHURA: Mabegani! Wanaume wanne!

MAGANGA: Kwangu nyasi zimeisha, jirani kanikaribisha kwenye kiwanja chake ng'ambo ya barabara. Siku zote tunalisukuma tu hatua mbili tatu. Safari hii ilibidi libebwe. Sasa lile turubai la kuzuia jua...

ZUHURA: Jeusi.

MAGANGA: Jeusi, ndilo lililokuwepo dukani. Tunavuka, bodaboda kazima pikipiki, kavua helmeti. Abiria wake naye kashuka, kainamisha kichwa.

ZUHURA: Na mama wa maandazi?

MAGANGA: Kauliza, "Mwanamume au mwanamke?" Nikamwambia wamechanganyika.

ZUHURA: [anacheka] Ya Rabi! Na kuku wenyewe walikuwa wapi?

MAGANGA: Nyuma, kwenye matenga, juu ya mkokoteni.

ZUHURA: Wafiwa hao. Msikilizaji, mimi Mzaramo, huyu Mnyamwezi, na msibani mtani ndiye mwenye kazi. Mngeniita. Tena babu zenu walibeba mizigo kwa miguu Tabora mpaka Bagamoyo, leo mjukuu anabeba banda tupu na kuomba msaada?

MAGANGA: Banda la chuma cha geti, dada. Fundi kachomelea kweli.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Kule Virginia, Marekani, yupo mkulima Joel Salatin, ndiye aliyefanya mabanda haya yajulikane. La kwake ni futi 10 kwa 12, kimo futi 2, mbao na mabati mepesi, ndani kuku kama 75. Analiinua nyuma kwa kitoroli cha magurudumu mawili, analivuta mtu mmoja. Wewe la kwako futi 8 kwa 6, kuku 30, linataka jeshi.

MAGANGA: Virginia hawana mbwa wa mtaa kwangu. Ule wavu wa kuku mwembamba mbwa anaupasua kwa meno. Kicheche naye akipata upenyo wa vidole viwili, asubuhi unaokota vichwa. Chuma kinalala chini, hakuna wa kupenya.

ZUHURA: Wala wa kulisogeza. Halafu ile rambirambi?

MAGANGA: Rambirambi gani?

ZUHURA: Yule mzee aliyekutia elfu 2 mkononi. Ulirudisha?

MAGANGA: Aliondoka haraka. Imeingia kwenye pumba.

ZUHURA: Kala hela ya msiba! Sehemu yangu iko wapi?

MAGANGA: Tuendelee, mama. Vifaranga wanakaa ndani kwanza, kwenye joto, mpaka manyoya yameota vizuri, kama wiki 3. Ukiwatoa na malaika yao mvua ikawakuta, ndiyo mazishi yenyewe.

ZUHURA: Ona, kalirudia mwenyewe.

MAGANGA: Wakishatoka, kila asubuhi banda linasogea. Utawaona: broila hana haraka, amekalia palepale mpaka chuma kimguse mkia. Anainuka, anapiga hatua tatu, halafu anaona nyasi mbichi mbele. Hapo wote wanakimbia kama wameitwa, mmoja akipata panzi, saba wanamfukuza. Sharti usukume polepole, miguu ya walio nyuma isibanwe.

ZUHURA: Hapo sina neno.

MAGANGA: Na kuhara damu inapungua. Vimelea vyake vikitoka kwenye kinyesi vinahitaji kama siku moja au mbili ndipo viweze kuambukiza. Wewe wakati huo umeshahama. Kwenye maranda yaliyolowa unaishi navyo.

ZUHURA: Nakubali. Lakini kwa nini umemweka broila wa Cobb humo? Huyu kuzaliwa kwake ni kukaa karibu na chombo cha chakula. Ndani, wiki 5 au 6 anauzwa. Nje anatembea, usiku anapigwa na baridi, unafika wiki ya 8 bado unanunua finisha, kile chakula cha kumalizia. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote. Weka chotara, Kuroila au Sasso, hao wanajua kuchakura.

MAGANGA: Kuroila atanichukua miezi. Cobb wangu sinunui maranda, sivuti harufu, na pale banda lilipopita mchicha umeota wa kijani kizito. Nyama yake imekaza, ukiichemsha haimomonyoki.

ZUHURA: Mteja wa sokoni anamnyanyua kuku, anapima uzito kwa mkono, anauliza bei. Nyasi hazimhusu.

MAGANGA: Wangu wanalipa zaidi.

ZUHURA: Wako ni shemeji zako!

MAGANGA: Shemeji hali? Halipi?

ZUHURA: Analipa kwa heshima. Mchukue mtu asiyekujua, umtajie hiyo bei yako.

MAGANGA: Nitamtajia.

ZUHURA: Atakuachia kuku wako.

MAGANGA: Basi nitamla mimi. Hilo hunitoi, dada.

ZUHURA: Na mimi hunitoi. Piga hesabu ya mifuko ya chakula, andika, uje nayo hapa.

MAGANGA: Hesabu ya mbolea nayo itaandikwa?

ZUHURA: Mchicha hauli finisha!

[Kimya]

MAGANGA: ...Umekasirika?

ZUHURA: Sijakasirika. Nasubiri rambirambi.

MAGANGA: Kijana wa mitambo ananyoosha vidole viwili. Dakika 2.

ZUHURA: Mbili? Na yale mambo matano tuliyowaahidi watu? Kuchagua kiwanja, maji, kivuli, chanjo, na... la tano lilikuwa nini?

MAGANGA: Soko.

ZUHURA: Soko tumeligombania, tulihesabu limepita. Sema la chanjo upesi.

MAGANGA: Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, halafu marudio, mtaalamu wa mifugo wa eneo lako atakupa ratiba kamili. Chanjo ya kwenye maji usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa. Tumia ya kisima au ya mvua, kwenye chombo safi kisicho cha bati, na waishe kunywa ndani ya saa 2.

ZUHURA: Uwanyime maji kidogo kabla, wawe na kiu.

MAGANGA: Kwa muda wa saa moja hivi, siyo wakati wa jua kali. Na kivuli, jamani, mchana ule upande wa...

ZUHURA: Anazima, Maganga.

MAGANGA: ...upande wa magharibi usiache wazi, maana jua la saa tisa...

[Sauti inakatika]