Mtoto Aliyewatangulia Wenzake: Tumpange Vipi Shuleni?

Ndugu wazazi na walimu wenzangu, nawashukuru kwa kuja.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Mwanangu ana miaka minne na anasoma mwenyewe, nimpeleke shule gani?" Mimi huuliza kwanza mtoto amefika wapi. Tukimpima kwa maswali ya umri wake akapata yote, tumejua tu kwamba maswali yalikuwa mepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa hesabu uliotungwa kwa wanaoomba kuingia chuo kikuu. Watoto waliokuwa sawa darasani wakaonekana wamepishana mbali sana. Kwa mtoto mdogo huhitaji mtihani mkubwa: mpe kitabu cha darasa linalofuata, kisha cha juu yake, mpaka akwame. Hapo alipokwama ndipo masomo yake yaanzie.

Vipimo vya akili vina kazi yake, lakini alama za mtoto wa miaka minne hubadilika, wala zisimfunge. Hata mwanasaikolojia Alfred Binet alipotunga kipimo chake cha akili huko Ufaransa mwaka 1905, alikuwa akitafuta watoto wanaohitaji msaada shuleni, si kuwafunga.

Sasa mtazameni mtoto wa miaka mitano. Muulize 38 ongeza 47. Anafikiri kidogo, anasema 85. Umepataje? "Nimetoa 2 kwenye 47 nikaipa 38, zikawa 45 na 40." Mpe penseli aandike hayo hayo: anaishika kwa ngumi, 5 yake imegeuka, na kwenye mstari wa tatu machozi yanamtoka. Atakayesahihisha karatasi ile atasema mtoto hajui kujumlisha. Baadaye kidogo anagombania mpira kama mtoto yeyote wa miaka mitano, kwa sababu ndivyo alivyo. Akili imetangulia, vidole na hisia vinakwenda na umri wake.

Kwa hiyo tumpange somo kwa somo. Hesabu akasome na darasa la juu, kuandika abaki na wenzake, na majibu marefu ayatoe kwa mdomo. Na nawaomba sana walimu: akimaliza maswali 20 msimwongezee mengine 20 ya aina ile ile. Hiyo ni adhabu kwa kosa la kujua. Mpeni machache, magumu zaidi.

Kumrusha darasa zima, yaani aruke darasa moja kwa masomo yote, kunaogopwa kuliko inavyostahili. Ripoti iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 2004, ikikusanya tafiti za miongo kadhaa, ilionyesha kwamba waliorushwa kwa uangalifu hufanya vizuri masomoni, na kwa jumla hawaharibikiwi katika urafiki wala hisia. Uangalifu ndio neno. Mtoto mwenyewe awe anataka, mwalimu anayempokea awe ameridhika, na asiingizwe darasa la kaka au dada yake. Hilo huwaumiza wote wawili.

Ninachokiogopa mimi ni ile miaka mitatu minne ya wepesi. Mtoto ambaye hajawahi kushindwa na swali hujifunza kwamba kuwa na akili ni kutohangaika. Siku swali gumu likimkuta, anaona akili zake zimeisha, na anaacha kujaribu. Nimewaona watoto wa namna hii, na inauma, maana hakuna aliyewafundisha kukaa na swali wasilolijua.

Pangeni mwaka mmoja tu. Wa pili mtaupanga mkishaona wa kwanza. Wiki sita baada ya kuanza, mzazi na mwalimu mkae tena na madaftari mezani. Je, kuna kurasa alizofuta na kuanza upya? Asubuhi anakwenda shuleni kwa hiari? Ana rafiki anayemtaja kwa jina? Daftari likiwa na vema tupu, msisubiri mwisho wa muhula: mpandisheni hatua nyingine wiki hiyo hiyo.