Lile "joho" mnaloniuliza ni blanketi

Haya jamani, habari zenu. Leo salamu fupi maana nina hasira kidogo. Tangu niweke video ile nikikaanga dagaa, swali ni moja: "Dada, hilo joho la nini?" Mmoja kauliza kama nimeingia utawa. Mwingine, eti naficha mimba. Kuna aliyeandika Uingereza imeninyoosha mpaka navaa blanketi, na chini yake mwenzake anasema najishaua kwa mavazi ya Kizungu. Sasa nyie kubalianeni kwanza: najishaua au nimechakaa?

Ni blanketi. Lina mikono. Nimelishona mimi.

Na mnaobishana kama ni nguo au blanketi, hamjaanza nyie. Marekani liko moja linaitwa Snuggie, lilivuma sana kwenye matangazo ya televisheni. Watu wa forodha wakasema hili vazi, lipie ushuru asilimia 14.9. Waagizaji wakasema blanketi, asilimia 8.5. Wakapelekana mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ikasema ni blanketi. Wenzangu walikuwa na mawakili. Mimi nilipigana na mita peke yangu.

Maana chanzo ni mita. Nilipohamia hiki chumba hapa Leeds nikakuta gesi na umeme ni vya kulipia kwanza, kama LUKU yenu. Nikafurahi, nikajua hii naiweza. Naweka pauni 10, kesho naangalia, zimebaki 5 na sijapasha hata maji ya kuoga. Kumbe mpangaji aliyenitangulia aliacha deni ndani ya mita, na mita haijui kuwa kahama. Kila nikiweka, yenyewe inamlipia yeye.

Nikapiga simu kampuni ya gesi, jina silitaji. Wakataka mkataba wa nyumba. Nikatuma. Wakasema jina la katikati halifanani na la pasipoti. Dalali karekebisha baada ya siku tisa. Wakataka uthibitisho kwamba naishi hapa, bili yoyote yenye jina langu. Jamani, bili ndiyo tunayogombania! Wiki tano. Natoka zamu ya masaa 12 ya kutunza wazee, nafika nyumbani kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 11. Mwenye nyumba akanishauri nifungue madirisha, eti unyevu.

Blanketi la kawaida nilikuwa nalo. Tabu yake, ukitoa mkono tu kushika simu, bega lote liko nje. Na ugali unaulaje? Ndipo nikaenda soko la Kirkgate, nikanunua flisi mita 3, kile kitambaa laini cha majaketi ya mitumba. Pauni 15. Tafadhali msianze kuzidisha kwa shilingi, najua mnavyofanya. Cherehani nimeazima kwa mama mmoja Mkongo tunayesali naye.

Kushona nimefundishwa Morogoro na mama mkubwa, kwa hiyo ya sindano na uzi siwaelezi. Naeleza ya flisi tu. Kwanza haichambuki, ovaloki ya kufunga ukingo huhitaji. Pasi weka mbali kabisa, ile ni poliesta, jamaa yake chupa ya maji, inayeyuka. Nilitumia sindano ya vitambaa vinavyovutika, namba 14, zigizaga nyembamba, mshono mrefu kidogo. Ukibana mshono, kitambaa kinajaa mawimbi kama bati.

Mita 2 ni mwili, haikatwi vipande. Mita iliyobaki nikatoa mikono miwili, mipana, sentimita 60 kuzunguka, maana ndani kuna sweta. Matundu ya mikono ndiyo yaliyoniliza. Mama mkubwa alikuwa anasema tundu la kwapa likate dogo, utaongeza. Likishakuwa kubwa hulipunguzi. Nikajifanya fundi, nikachora kwa sahani ya kulia. La kushoto likatoka kubwa, mkono ukawa mdogo kuliko tundu lake. Nikalikunjakunja kwa marinda. Tazameni, hapa, mnaona? Ndiyo huo uvimbe mnaouita "begi". Halafu mkono wa kulia nikaushona nje ndani, pande zote mbili za flisi zinafanana usiku. Siku hizi navuta ukingo kwanza: unakojikunja ndiko nyuma. Viganjani nimetia lastiki, isiingie kwenye mchuzi.

Mlioniambia nitaungua jikoni, hapo mmepatia. Nililivaa mbele ya jiko la gesi, ujinga wangu. Sasa nalivua.

Ila kuna shemeji yangu mmoja, anajijua, aliyepiga picha ya ile video akaitupa kwenye grupu la familia: "Huyu ndiye anayetuambia hana hela?" Shemeji, Septemba nilikutumia ya ada. Ulisema utanipigia mwezi wa kumi. Huu ni wa pili.

Mimi sisemi kila anayekuja huku ashone blanketi. Mwenzangu wa zamu anaishi kwa dada yake, joto limo kwenye kodi, anavaa singlendi Januari. Mwingine atasema nunua tu, yapo tele, na kwake ni sawa. Mimi nasimulia chumba changu na mita yangu. Deni waliliondoa mwishoni, hela waliyokata nimerudishiwa nusu, nusu "inashughulikiwa".

Na mnaouliza bei: siuzi. Viza yangu ni ya kutunza wazee, si ya kushona na kuuza nguo, na hizi video pia sipati hata peni, kabla hamjauliza.

Haya, nakata. Mita inasoma pauni 1.12 na duka la kuiongezea hela linafunga saa nne.